Kabla ya Kumjibu, Muulize Analinda Nini

Kazi ya katibu wa baraza la wazee ni kuandika maneno ya watu wasiokubaliana, na kuyaandika kwa namna ambayo kila mmoja wao akisomewa kikao kijacho atasema, ndiyo, hayo ndiyo maneno yangu. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Nimeifanya kwa miaka mingi katika ushirika mmoja wa Kanisa la Moravian hapa Tabora mjini, huku mchana nikifundisha shule ya msingi, na karibu yote ninayoyajua kuhusu kupingana bila kuumizana nimeyapata nikiwa na kalamu mkononi, pembeni mwa ile meza.

Jambo la kwanza utakaloliona ukikaa pale ni kwamba mtu husema neno moja na anayempinga akasikia jingine. Mzee anauliza, "Hizi fedha za vyombo vya muziki zitatoka fungu gani?" Kijana aliyekaa mkabala naye anasikia, "Vijana hamtakiwi hapa." Nisipokuwa makini nitaandika kwamba mzee alipinga ununuzi wa vyombo, na siku ya kuthibitisha muhtasari atasimama kusema hakupinga, aliuliza. Atakuwa na haki kabisa. Ndiyo maana nilijizoesha kusimamisha mazungumzo kidogo na kusoma nilichoandika: "Mzee, niandike hivi?" Mara nyingi hurekebisha. Akirekebisha, yule aliyekuwa amekunja uso hutulia, kwa sababu amegundua kuwa alikuwa anajiandaa kujibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni msiba.

Kulikuwa na mama mmoja, zamani mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, ambaye aliacha kuja. Alimfuata mhubiri aliyekuwa akifunga turubai na kuombea wagonjwa. Hakuondoka kwa ugomvi. Jumapili moja hakuonekana, na iliyofuata hivyo hivyo, hadi tukajua kwamba ameshahamia kule. Kwa miaka hakushiriki nasi Meza ya Bwana wala hakutoa ahadi ya mchango, jina lake likabaki kwenye daftari la washirika tu. Akafariki mwezi Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza. Watoto wake wakaja kwa mchungaji kuomba mama yao azikwe na kanisa: jeneza liingizwe kanisani, kwaya iimbe, mchungaji aongoze mpaka makaburini. Mazishi yalikuwa kesho yake saa tisa alasiri. Baraza likaitwa jioni ile ile.

Mtu wa makanisa yetu hahitaji kuelezwa uzito wa ombi hilo. Kuzikwa na kanisa ni heshima ya mwisho, na ni ushuhuda kwa ukoo mzima uliokusanyika kutoka Urambo, Sikonge, Nzega na kwingineko. Wapo wanaorudi kundini uzeeni kwa sababu hiyo tu. Zipo familia zilizohama kanisa, wajukuu hadi vitukuu, kwa sababu marehemu wao alinyimwa ibada. Na wazee wa kanisa nao wanaulizwa na washirika: kama asiyeshiriki anazikwa sawa na anayeshiriki, kushiriki kuna maana gani?

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, akasema hapana. Alisema kwa kifupi, bila kupandisha sauti, kwamba aliyeuacha ushirika mwenyewe hazikwi na ushirika. Mama mwenyekiti wa idara ya akina mama akasimama na kusema marehemu azikwe, tena kwa heshima zote. Kikao kikagawanyika hapo hapo. Mmoja akasema mzee hana huruma. Mwingine akadakia kwamba tukizika kila mtu, ahadi atatoa nani. Baada ya hapo hakuna aliyeleta hoja mpya; zile zile zilirudiwa, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Umeme ukakatika. Tukawasha tochi za simu na kuzilaza mezani zikitazama dari, na mabishano yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mchungaji alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akamgeukia yule mzee, akamuuliza taratibu: "Baba, unaposema asizikwe nasi, unalinda nini?"

Mzee akachukua muda kujibu. Akasema yeye ndiye aliyekuwa mzee wa mtaa wa yule mama, na alipoacha kuja alimfuata nyumbani mara nyingi. Mara ya mwisho mama alimkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha akamwambia mbele ya watoto kwamba ameondoka kwa akili zake timamu, ameipata amani kule aliko, na anaomba asifuatwe tena kwa lengo la kurudishwa. "Aliniambia kwa kinywa chake," mzee akasema. "Leo hana kinywa. Nikimwingiza kanisani akiwa amelala, nitakuwa nimemshinda kwa sababu tu hawezi kunijibu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaza hivyo. Tulidhani analinda taratibu na michango. Kumbe alikuwa analinda neno la marehemu, yeye peke yake katika chumba kile. Yule aliyesema mzee hana huruma aliinamisha uso, na sikuandika maneno yake. Aliniomba nisiyaandike, na mzee akaridhia.

Mchungaji akamgeukia mama mwenyekiti na swali lile lile. Naye akasema ukweli wake: hajui marehemu aliamini nini siku zake za mwisho, na hilo analiacha kwa Mungu. Anayemfikiria ni mtoto wa mwisho wa marehemu, aliyekuwa bado anakuja kwetu darasa la kipaimara. "Jumapili atakaa kwenye benchi lile pale. Atatusikia tukihubiri upendo, sisi tuliomfungia mama yake mlango."

Kumbe muda wote ule mmoja alikuwa akimtetea marehemu na mwingine akimtetea aliye hai. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi ya mchungaji, na wote wawili walikuwa wameanza kuonana maadui.

Sitaki mtu aelewe kwamba baada ya hapo tulikubaliana. Hatukukubaliana. Kilichobadilika ni swali tulilokuwa tukijibu. Wawili hao wakatumwa pamoja usiku ule kwenda kukaa na familia na kuwauliza watoto wanajua nini kuhusu matakwa ya mama yao. Yule mhubiri wa turubai alikuwepo msibani, nao wakazungumza naye. Mwishowe ibada ikafanyika nyumbani. Mchungaji wetu alitoa neno, mhubiri aliomba, kwaya yetu iliimba, na jeneza halikupelekwa kanisani. Hakuna upande uliopata ulichotaka chote. Mama mwenyekiti aliona bado tumemnyima mtoto kitu. Mzee aliona tulipaswa kwenda kama majirani na wafiwa tu, tusiongoze chochote. Lakini usiku alikesha na wanaume wenzake penye moto, na rambirambi yake imeandikwa kwenye daftari la msiba.

Aliniomba kitu kimoja: msimamo wake uingie kwenye muhtasari. Kawaida tunaandika uamuzi na kuendelea na ajenda nyingine. Safari hii niliandika sababu yake yote, aya nzima, pamoja na habari ya kile kiti alichopewa. Kikao kilichofuata nilipoisoma, akasema, "Ndivyo." Akaketi. Tangu siku hiyo naandika hivyo kwa kila anayeshindwa hoja, kwa sababu mtu anaweza kuubeba uamuzi asioupenda ikiwa anajua alisikiwa. Akijua hakusikiwa, hata ushindi wa kesho hautamtuliza.

Jambo lile halikuishia kikaoni. Siku chache baadaye kijana mmoja, kiongozi wa sifa, aliweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ushirika. Hakumtaja mzee kwa jina, lakini kila mtu alijua anamsema nani. Alimwita Farisayo. Ndani ya saa moja ujumbe ulikuwa umeshafika kwenye makundi mengine ya mji, na watu waliokuwa hawajui hata marehemu ni nani walikuwa wanatoa hukumu.

Katika Mathayo 18 Bwana Yesu anaweka mpangilio ulio wazi: ndugu yako akikukosa, nenda kwanza wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, kanisa huja baada ya hapo. Simu zetu zimeugeuza mpangilio huo juu chini. Kanisa zima linaambiwa kwanza, mashahidi wanatafutwa baadaye, na mhusika mwenyewe hufikiwa mwisho, mara nyingi na mjukuu anayemshikia simu sikioni. Hivyo ndivyo mzee alivyousikia ujumbe ule. Naliona hili kuwa hatari kuliko tofauti zote za mafundisho tulizowahi kuwa nazo, kwa sababu tofauti ya mafundisho huwalazimisha watu wafungue Biblia, lakini ujumbe wa sauti hauwalazimishi kufungua chochote.

Mchungaji hakujibu kwenye kundi. Alimpigia kijana simu, akamwomba aende kwa mzee, na akaniomba nimsindikize kwa kuwa nilimfundisha darasa la nne. Tulimkuta mzee amekaa kibarazani akibangua karanga za mbegu, sinia magotini. Kijana akaamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikiwa, akapewa kigoda. Mzee akaendelea kubangua kwa muda, anavunja ganda kwa kidole gumba, nzima anaweka upande mmoja wa sinia, iliyosinyaa upande mwingine. Kisha akauliza, "Ulikuwepo kikaoni?"

"Hapana, babu."

"Niliyosema ulielezwa na nani?"

Kijana akataja. Mzee hakumlaumu mtu aliyetajwa. Akamsimulia yote, kuanzia siku ya kwanza aliyokwenda kwa yule mama hadi alichokisema gizani pale ofisini. Alipomaliza, kijana akasema jambo lililonipa heshima kubwa kwake: "Babu, nimekosea kukuita vile, naomba unisamehe. Lakini bado naona kanisa lilipaswa kumzika."

Mzee akajibu, "Basi endelea kuona hivyo, mwanangu. Ila sasa uone hivyo ukiwa unajua mimi nilisema nini."

Tuliondoka na karanga kwenye mfuko wa rambo. Jioni ile kijana akaandika kwenye kundi kwamba alizungumzia maneno ambayo hakuyasikia, na kwamba amekwenda kuyasikia. Hakueleza zaidi. Waliotaka kuendeleza wakakosa pa kushika.

Sisi Wamoravian kila mwaka tarehe 13 Agosti tunaadhimisha siku ambayo mababa zetu wa imani kule Herrnhut, Ujerumani, walishiriki Meza ya Bwana mwaka 1727 katika kanisa la Berthelsdorf, na Roho akawaunganisha. Mahubiri ya siku hiyo hupenda kuanzia hapo. Mimi nadhani yangeanzia miezi kadhaa nyuma, kwa sababu huko ndiko kuna somo letu. Herrnhut ilianza mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, sehemu ya nchi ya Ucheki ya leo, kwenye ardhi ya mkabaila kijana, Zinzendorf. Baadaye wakaja pia wengine wa asili tofauti, Walutheri na Wareformed, yaani wafuasi wa mafundisho ya Calvin, kila mmoja na namna yake ya kuabudu. Wakagombana vibaya. Mmoja alifika mahali pa kumtangaza Zinzendorf kuwa ndiye yule mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Hata Christian David, seremala aliyekata mti wa kwanza wa kujenga kijiji kile, alichukuliwa na fitina hizo, akaenda kujijengea nje ya kijiji.

Zinzendorf angeweza kuwafukuza, ardhi ilikuwa yake. Badala yake aliacha kazi yake ya serikali kule Dresden, akahamia kati yao, akapita nyumba kwa nyumba kuwasikiliza na kusoma nao Maandiko. Tarehe 12 Mei 1727 wakaweka sahihi mapatano ya jinsi watakavyoishi pamoja. Agosti ilikuja baada ya Mei. Na yule Christian David aliyejitenga, mwaka 1733 alikuwa kiongozi wa msafara wa wamisionari wa kwanza wa Moravian kwenda Greenland. Najiuliza kazi ile ingefanywa na nani kama wangemkatia tamaa akiwa amekaa nje ya kijiji.

Kuna urithi mwingine tulio nao ambao nautumia sana vikaoni. Ndugu wa zamani wa Bohemia na Moravia, wafuasi wa mhubiri Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415, walioanzisha umoja wao mwaka 1457, walizoea kuyagawa mambo ya kanisa katika mafungu matatu. La kwanza ni mambo ya lazima kwa wokovu: kwa upande wa Mungu, neema ya Baba, ukombozi wa Kristo na kazi ya Roho Mtakatifu, kwa upande wetu, imani, upendo na tumaini. La pili ni mambo yanayotumika kutufikisha kwenye hayo, kama Maandiko, sakramenti na kanisa lenyewe. La tatu ni namna tunavyotenda: utaratibu wa ibada, nyimbo, mavazi, vyombo.

Watu wengi wakisikia mgawanyo huu hufurahi, kisha wanagombana upya, safari hii kuhusu jambo lao liko fungu gani. Mzee wetu angekwambia kwamba kuheshimu neno la marehemu si suala la utaratibu. Hilo haliepukiki, na mimi siliogopi. Ninachowaomba wenzangu waangalie ni kwamba upendo umewekwa fungu la kwanza, pamoja na imani. Kwa hiyo mtu anayelipigania jambo la fungu la tatu kwa kumdhalilisha ndugu yake, tayari ameshaligusa fungu la kwanza, na yeye mwenyewe hajui.

Humkumbuka pia Paulo na Barnaba katika Matendo 15. Walishindana juu ya Yohana Marko, aliyewahi kuwaacha njiani Pamfilia, na mashindano yakawa makali hata wakatengana, mmoja akaelekea Kipro na mwingine Shamu. Paulo alikuwa analinda kazi isije ikaachwa tena njiani. Barnaba alikuwa analinda kijana asije akapotea. Maandiko hayasemi nani alikuwa na haki siku ile. Lakini mwishoni mwa maisha yake, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaagiza Marko aletwe kwake kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Mtu aliyepingwa hadharani bado alipata mlango.

Nikiwa hapo lazima niseme jambo moja kwa ukali. Neno upendo limewahi kutumika makanisani kuzima maswali. Mshirika anauliza stakabadhi za ujenzi, anaambiwa asilete mafarakano. Binti analalamikia tabia ya kiongozi, anaambiwa asamehe. Huko siko kuyatafsiri maneno ya mwenzako kwa wema. Fedha za watu zina wakaguzi, na aliyeumizwa ana dawati la polisi, na kanisa linalompenda litamsindikiza mpaka huko. Swali la "unalinda nini" huulizwa pia kwa anayetaka maswali yaishe, naye ajibu mbele ya watu.

Nimesema haya kwa sababu Tabora yetu ni mji wa watu waliochanganyika tangu zamani. Kazi ya injili kule Urambo ilianzishwa mwaka 1879, katika nchi ya mtemi Mirambo, na wamisionari wa shirika la London, ambao mwaka 1898 waliwaachia Wamoravian. Mbegu yetu ilipandwa na watu wa kanisa jingine. Leo katika nyumba moja utamkuta Mkatoliki, Mpentekoste, Mwadventista na shangazi Mwislamu, na wote wanakula ugali wa sinia moja. Kwenye familia tunaweza. Tukiingia kikaoni ndipo tunapoona shida.

Sasa hivi tuna suala la spika za mkesha wa mwisho wa mwezi. Vijana wanataka za nje ziwake hadi alfajiri, waliolala nao wasikie neno. Mzee wa reli ameshaniambia atapinga. Yule kijana wa sifa, kabla ajenda haijafika mezani, alikwenda kwake kumuuliza kwa nini, akaambiwa habari ya bibi mmoja anayeishi nyuma ya ukuta wa kanisa, mgonjwa wa moyo, ambaye kila mkesha huhamishiwa kwa mwanawe. Kijana hakuwa anamjua bibi huyo. Amekwenda kumsalimia. Naye amemweleza mzee kuhusu vijana wawili wa bodaboda waliosikia mahubiri wakiwa kijiweni usiku wa manane, wakaingia ndani, na hadi leo wanakuja.

Kijana bado anataka spika ziwake. Mzee bado anataka zizimwe saa nne usiku. Ni ajenda namba 4, Jumamosi, saa kumi jioni.